Jibu: Rubani anajuaje njia ya kutua ndege imelowa?

Habari mkuu. Umeuliza rubani anajuaje hali ya njia kabla matairi hayajagusa, hasa mvua ikinyesha. Kwanza sikiliza namba tunazomsomea sisi waongoza ndege kutoka mnarani, mfano 5/5/2. Njia hugawanywa mafungu matatu, kila fungu na namba yake: 6 ni kavu, 5 imelowa, 2 maji yametuama zaidi ya milimita 3, 0 breki karibu hazishiki kabisa. Hapo anapiga upya hesabu ya umbali wa kusimama.

Ila mvua haisubiri ripoti, ndiyo maana tunamuuliza rubani aliyetangulia kutua breki zimeshikaje. Uwanja wa ndege wa Chicago Midway, Marekani, Desemba 2005, kwenye theluji, majibu yalikuwa mchanganyiko: wastani nusu ya kwanza ya njia, mbaya nusu ya pili. Ndege ikapitiliza hadi barabarani. Mimi hushika jibu baya zaidi.