Nimeteleza hotelini na kuvunjika mkono: je, nisaini karatasi ya meneja?

SWALI: Ndugu wakili, wiki tatu zilizopita niliteleza kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli nilikokuwa nimepanga chumba kwa siku mbili. Sakafu ya vigae ilikuwa imetoka kupigwa deki na hapakuwa na kibao chochote cha tahadhari. Kile cha njano kililetwa nikiwa bado nimekaa chini. Nimevunjika kifundo cha mkono wa kulia, nami ni fundi cherehani. Meneja amenitumia karatasi inayosema kwamba hoteli italipa gharama za hospitali na kunipa malazi ya usiku mmoja bila malipo, kwa sharti kwamba sitadai kitu kingine chochote. Ameongeza kwamba nyuma ya mlango wa chumba kuna tangazo kuwa wageni hukaa kwa hatari yao wenyewe. Je, nisaini?

JIBU: Pole sana kwa maumivu na kwa kazi iliyosimama. Kwa sasa usisaini. Karatasi hiyo ni hati ya kuachilia madai, na ukishaiwekea sahihi mahakama nyingi zitakuchukulia kuwa umelimaliza jambo, hata kama mwezi ujao daktari atagundua kwamba jeraha ni kubwa kuliko lilivyodhaniwa. Kwa majeraha ya kifundo cha mkono hofu hii ina msingi, kwa kuwa upo mfupa mdogo upande wa kidole gumba ambao ufa wake unaweza usionekane kabisa kwenye picha ya kwanza ya eksirei, ndiyo maana madaktari wakiushuku huagiza picha irudiwe baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Fundi cherehani anayekubali malipo kabla hajajua kama vidole vyake vitarudi kushika mkasi anauza kitu asichokijua bei yake.

Lakini nisikupe matumaini ya bure. Kuumia ndani ya hoteli peke yake hakukupi haki ya kulipwa, kwa kuwa katika nchi nyingi hoteli haichukuliwi kuwa mdhamini wa usalama wa kila mgeni. Wajibu wake ni kuchukua uangalifu unaostahili ili mgeni asidhurike, na anayedai fidia hutakiwa kuonyesha kwamba palikuwa na hatari, kwamba hoteli iliijua au ilipaswa kuijua, kwamba haikuchukua hatua za kutosha, na kwamba jeraha lilitokana na hilo. Hapo katikati, penye kujua au kupaswa kujua, ndipo madai mengi ya kuteleza yanapokwama: mgeni mwingine akimwaga maji na wewe ukayakanyaga sekunde chache baadaye, hoteli inaweza kujitetea kwamba haikupata nafasi hata ya kuyaona. Hali yako ni tofauti, kwa sababu maji hayo yaliwekwa na mhudumu wa hoteli mwenyewe. Nchini Uingereza, katika kesi ya mwaka 1976 ya mteja aliyeteleza dukani kwenye mtindi uliomwagika, mahakama ya rufaa iliona kwamba katika mazingira kama yale ni juu ya mwenye duka kueleza utaratibu wake wa kulinda usafi wa sakafu, kwani mteja hana njia ya kuujua.

Kile kibao cha njano kina uzito wake, ingawa si kwa namna ambayo watu wengi hudhani. Kukileta baada ya ajali si lazima kuhesabiwe kuwa ni kukiri kosa, na zipo mahakama zisizoruhusu hatua zilizochukuliwa baada ya tukio zitumike kuthibitisha uzembe. Thamani yake ni kwamba kinasaidia kuonyesha kuwa kabla ya hapo hakikuwepo, na kwamba hoteli ilikuwa nacho stoo wakati wewe unapita.

Ushahidi wa haya yote umo mikononi mwa hoteli, na sehemu yake hufutika yenyewe. Picha za kamera za usalama hurekodiwa juu ya zile za zamani baada ya siku au wiki kadhaa kutegemea mtambo, nawe umeshapoteza wiki tatu. Ningekuwa mahali pako ningeandika barua leo hii, si kesho, nikitaja tarehe, saa na mahali nilipoangukia, na kuitaka hoteli ihifadhi picha za kamera, daftari la usafi la siku ile, ratiba ya wahudumu waliokuwa zamu na taarifa ya ajali iliyoandikwa mapokezi. Barua hiyo isitukane mtu wala isitaje kiasi cha fedha. Itumwe kwa njia inayobaki na kumbukumbu, na nakala ubaki nayo. Viatu ulivyovaa vitie mfukoni bila kuviosha, kwa kuwa swali la kwanza la upande wa pili litakuwa soli zake zilikuwa zimelika kiasi gani. Swali hilo si la hila: ukionekana kuwa nawe ulichangia, kwa mfano kwa kutembea huku unasoma simu, sheria za nchi nyingi hupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako, na zipo chache ambazo humnyima kabisa mdai mwenye kosa lolote.

Kuhusu tangazo la nyuma ya mlango, usilale macho kwa ajili yake. Katika kesi ya Olley ya mwaka 1949, iliyohusu mali ya mgeni iliyoibwa hotelini, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba tangazo lililobandikwa chumbani halikuwa sehemu ya mkataba, kwa sababu mkataba ulikuwa umeshafungwa mapokezi kabla mgeni hajaliona. Zaidi ya hapo, sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1977 ilikataza biashara kujivua dhima ya kifo au jeraha la mwili linalotokana na uzembe. Nchi nyingine zina kanuni zake, kwa hiyo wakili wa mahali ulipoumia athibitishe.

Fidia ya haki hupimwa kwa mafungu mawili. La kwanza ni hasara zinazohesabika: matibabu, nauli za kwenda kliniki, msaidizi uliyemlipa na kipato ulichokosa. Hapa mafundi wengi hupoteza, kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Kusanya basi daftari lako la oda, ujumbe wa wateja uliowarudishia vitambaa na taarifa za malipo ya miezi iliyotangulia ajali. La pili ni maumivu na upungufu wa uwezo wa mkono, ambalo hukadiriwa kwa kutazama ripoti ya daktari na tuzo za kesi zinazofanana. Ofa ya meneja haigusi kabisa fungu la pili, na katika la kwanza inagusa hospitali tu.

Hoteli nyingi zina bima ya dhima, kwa hiyo omba jina la kampuni ya bima na namba ya dai. Unaweza pia kupokea malipo ya hospitali iwapo yatatolewa kwa maandishi yanayosema kwamba hayamalizi madai yako mengine; meneja akikataa sentensi hiyo moja, utakuwa umejua karatasi yake ilikuwa ya nini. Mazungumzo na bima hayasimamishi muda wa kufungua kesi, ambao katika jimbo la Tennessee, Marekani, ni mwaka 1 na Uingereza ni miaka 3, na kwa kawaida sheria inayotawala ni ya mahali ulipoumia, hata kama unaishi kwingine. Jambo la kwanza la kumuuliza wakili utakayemwona ni tarehe ya mwisho kwa upande wako, naye akuandikie.