Tiba ya michezo si ya watoto peke yao
Je, tiba ya michezo, yaani kumtibu mtu kwa njia ya kucheza, ni ya watoto tu? Hapana, hata watu wazima na wazee wamo. Ni kweli hutumika zaidi kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, maana mtoto humwambia mwanasesere yale asiyoweza kumwambia mtu. Mimi huchezesha wazee. Yupo mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulilegea baada ya kiharusi. Ukimpa mpira wa kufinya anakasirika, lakini mwekee bao uone anavyookota kete moja moja kwa mkono uleule. Na bao lina kete 64, piga hesabu mwenyewe. Ila nisikudanganye: kazi yangu ni kuchezesha tu. Tiba yenyewe, hasa kwa aliyeumia moyoni, inataka mtaalamu aliyeisomea.