Konekta ya paipu ya mafuta ikivunjika kwenye Hilux ya zamani, usikimbilie pampu nzima

Mkuu pole sana. Umesema Hilux Vigo yako ya petroli 2.7 ya 2006 konekta ya plastiki inayounga paipu ya mafuta na pampu juu ya tenki imekatika masikio ya kufungia, na fundi kakupa njia mbili, ununue pampu nzima na paipu zake au akate aweke mpira na klampu za kawaida. Mimi yamenikuta hayo hayo kwenye gari kama yako. Pampu kama inasukuma vizuri huna haja ya kununua, na hiyo ya mpira wowote na klampu yoyote nakuomba usikubali kabisa.

Yangu ilikuwa hivi, natoka Dodoma nashuka Morogoro na gunia nane za mahindi, kabla ya Gairo nikaanza kusikia harufu ya petroli, nikadhani ni ya lori la mbele yangu. Lori likakata kona harufu ikabaki. Nasimama nainama chini naona tenki limelowa. Siku mbili nyuma gereji moja walikuwa wamefungua pampu na ile konekta waliichomoa kwa bisibisi, plastiki yenyewe imeshakula joto miaka kibao imekauka kama ganda la yai, sikio moja likaenda hawakuniambia. Pale Gairo kijana akapaka gundi ya chuma akakaza na raba ya tyubu, haikufika kilomita kumi ikaachia. Hii sio kabureta jamani, kwenye EFI (mfumo wa nozeli zinazopulizia petroli kwa umeme) pampu inasukuma kwa presha ya karibu baa 3, na raba ya tyubu petroli inaila, inavimba inakuwa laini kama mlenda. Nilipochungulia kutokea kwenye tairi la nyuma petroli ilikuwa inaruka kama dawa ya kupulizia mikorosho. Nikazima hapo hapo, nikavutwa mpaka Dumila na kesho yake Morogoro.

Morogoro nikampata mzee mmoja fundi anayejua kazi. Kwanza hakugusa paipu, alichomoa fyuzi ya pampu akaacha injini iungurume mpaka ikazima yenyewe, akapiga stata mara moja tena kumaliza presha iliyobaki, ndio akatoa waya wa hasi wa betri. Tenki lilikuwa limejaa kwa hiyo badala ya kulishusha tulifungua bolti za bodi ya kubebea mizigo, tukachomoa soketi ya taa za nyuma na mpira wa kujazia mafuta, watu wanne tukainua bodi upande mmoja tukaweka magogo. Pale juu kuna vumbi la miaka yote, lipulize na kusafisha kwa brashi kabla hujafungua chochote maana likiingia ndani limekwenda kwenye nozeli.

Sasa angalia vizuri kilichovunjika ni nini. Konekta ina mwili, ndani yake oringi (kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja), halafu kuna kale kafungio kenye masikio mawili. Kama mwili ni mzima badilisha kafungio na oringi basi, mimi ka akiba nimekapata Gerezani Kariakoo, Dar, kwenye boksi la spea za magari yaliyochinjwa. Kama mwili umepasuka kama wangu, unatafuta konekta yenye meno upande wa paipu, ya kipimo kile kile, pima kwa venia (kile kipimo cha kubana cha milimita) usikadirie kwa macho. Paipu ya nailoni mzee aliikata kwa wembe mpya, msumeno unaacha chembe, akaichovya kwenye maji ya moto ya chupa ya chai kama dakika moja hivi, akaisukuma mpaka meno yote yakafunikwa. Ikipoa inabana yenyewe, haitaki klampu. Usimruhusu mtu kulainisha kwa kiberiti, mafuta yako hapo hapo na nailoni ikiungua haina nguvu tena.

Ukikosa konekta kabisa ndio mpira, ila uwe wa EFI, umeandikwa 30R9 ubavuni, na klampu ziwe zile za bati laini zinazobana mduara mzima sio zenye matundu zinazokata mpira, na bomba la chuma unalovalisha liwe na uvimbe mwishoni, bomba laini tupu mpira unachomoka. Na huo ni wa nje tu, unaozama ndani ya tenki ni 30R10.

Wakati wa kurudisha paka tone la oili safi kwenye ncha ya bomba, sukuma mpaka usikie TKA, halafu vuta kurudi nyuma kwa nguvu ya mkono. Ikitoka haikuwa imefunga. Washa ukiwa bado hujarudisha bodi, zungushia karatasi nyeupe kwenye jointi, iache injini dakika kumi, karatasi ikipata hata doa, zima injini urudie. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mtu asichomelee jirani.

Yangu ina mwaka wa tatu na misimu yote ya mahindi imebeba, haijatoa harufu. Ukishapima unene wa bomba lako niandikie hapa, nina konekta moja ilibaki, ikilingana nakutumia kwa basi.