Kabla ya Kufuata GPS ya Gari Hadi Kwenye Kasha

Msomaji mmoja wa Uyole ameniandikia akilalamika kwamba GPS ya gari lake ilimtangazia kuwa amefika, ilhali kasha alilokuwa akilisaka (katika mchezo wetu, kisanduku ambacho mchezaji hukificha na kutangaza kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo, ili wengine wakisake) lilikuwa ng'ambo ya korongo. Kifaa hakikumdanganya. GPS ya gari ikipewa kodineti za porini, kwa kawaida hutafuta kipande cha barabara kilicho karibu zaidi na nukta hiyo kwa mstari ulionyooka, ikakufikisha hapo, bila kujali kwamba katikati kuna mto, genge au shamba la chai la watu.

Mwezi uliopita tulikwenda kusaka upande wa Kiwira kwa magari mawili. Wenzangu walinicheka waliposikia kwamba usiku wa kuamkia safari nilikesha na picha za setilaiti nikichora njia kwenye daftari. Mmoja akaniita mwalimu wa jiografia, na sitaficha, lilinichoma. Wao waliifuata sauti ya kifaa hadi mwisho wa njia ya migombani, mto ukiunguruma chini yao na kasha likiwa upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekwisha kuegesha ng'ambo, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, nikashuka kwa miguu na kuandika jina langu kwenye kidaftari cha kasha kabla hawajapata pa kugeuzia gari. Hadi leo hakuna aliyenipongeza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ingizeni nukta ya maegesho, si nukta ya kasha. Kagueni pia mpangilio wa kodineti, kwa maana makasha huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali: kusini nyuzi 8 dakika 54.500, ikiingizwa kama nyuzi 8.54500, itakutupa takriban kilomita 40 kaskazini. Msiamini mno uchaguzi wa njia fupi. Kipande cha Chimala hadi Matamba huonekana kifupi kwenye skrini, lakini ndicho chenye zile kona hamsini na saba. Narudia, nukta ya maegesho kwanza. Na mvua zikishaanza, simameni kijiweni mkamwulize kijana wa bodaboda, ila msimwulize kama njia inapitika, kwa kuwa yeye hupita popote; mwulizeni ni lini mara ya mwisho aliona Noah ikipanda na kurudi.