Ukianza glima, usitazame miguu

Mieleka niliyokua nayo ni ya mchangani: unampiga mwenzako ngwala, unamwangukia, unamkalia kifuani mpaka aseme basi. Nilipohamia Reykjavík na kuanza kujifunza glima, mieleka ya jadi ya Iceland, mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Wiki ya kwanza tu nilimtega kijana mmoja, akaenda chini, nami nikamfuata kwa kifua na kiwiko. Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu hakunigombeza. Alimwinua yule kijana, akamkung'uta mgongo, kisha akaniambia: ukimwangusha mtu, wewe baki umesimama.

Kumwangukia mwenzako, au kumkandamiza wakati tayari anaanguka, ni mwiko. Wana neno lake, níð, na ni neno zito. Kwa hiyo ukienda, liweke hilo kichwani kabla ya mbinu yoyote.

Kila mchezaji huvaa mkanda wa ngozi kiunoni na mingine miwili mapajani. Mkono mmoja unashika mkanda wa kiunoni wa mwenzako, wa pili unashika ule wa pajani, na hapo haubanduki. Mnasimama wima, mnapiga hatua kuzungukana kufuata mwendo wa saa, bila kusimama. Hatua hizo huitwa stígandi. Mimi nilizidharau, nikaziona kama ngoma ya kupasha mwili moto. La hasha! Mtu anayetembea kuna nukta mguu wake mmoja hauna uzito, na nukta hiyo ndiyo unayoitafuta.

Huwezi kuiona kwa macho. Siku moja mwalimu alinifunga skafu usoni, akanipanga na binti mwepesi kuliko mimi. Nilikuwa nimekaza mikono kama nguzo, sikusikia kitu, nikaanguka mara nne mfululizo. Mara ya tano nililegeza viwiko. Mkanda ukaanza kuzungumza: ukivutika kidogo kushoto, ujue uzito umehamia huko. Nikaingiza kisigino changu nyuma ya kisigino chake, mbinu yao ya hælkrókur, ambayo kwetu ni ngwala isiyo na shaka. Akaenda. Tangu hapo natazama juu ya bega la mwenzangu, kama wanavyofanya wenyewe.

Mbinu kuu ni nane. Usizikimbilie zote, mimi nilikaa na mbili miezi mitatu. Muda mwingi utumie kujifunza kuanguka, maana anayeshindwa ni yule aliyegusa chini kwa sehemu iliyo kati ya kiwiko na goti. Ukitua kwa viganja na nyayo, mchezo unaendelea. Nimeokoka hivyo mara nyingi.

Dada zangu, msidhani ni mambo ya wanaume. Íslandsglíman, mashindano yaliyoanza Akureyri mwaka 1906 na ambayo mshindi wake huchukua mkanda wa Grettisbelti, yalikuwa ya wanaume, lakini tangu mwaka 2000 wanawake wana yao, Freyjuglíman. Na kwenye mazoezi yetu tunachanganyika.

Mkanda usinunue mapema, azima wa klabu. Kaza vizuri ile ya mapajani, maana ikilegea inapanda na kuchubua ngozi. Halafu mpe mwenzako mkono kabla ya kushikana, na umpe tena mkishamaliza, hata kama ndiye aliyekuangusha.