Nataka kuingia mbio za magari, nianzie wapi?

SWALI: Ami, salaam aleikum. Mimi kijana wa miaka 24, nakaa Kisauni, nina Vitz ya 2005 manyuali. Tangu utotoni napenda mbio za magari. Usiku huwa natoka na mabeshte tukipimana gari kwenye barabara ya Dongo Kundu na wote wanasema naweza. Sasa nataka mashindano ya ukweli. Nimeweka laki moja na nusu, nitie turbo kwanza ama niiuze hii ninunue Subaru?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Nianze na hiyo Dongo Kundu manake imenikaa moyoni. Wacha, na uwache leo. Gari ikiwa kwa kilomita 100 kwa saa yala karibu mita 28 kila sekunde, na mbele kuna trela imetoka bandarini haina hata taa za nyuma, ama mtu anavuka na mkokoteni, hapo utafanya nini? Ni kosa kisheria, na bima nyingi zaandika wazi kuwa gari ikiumia kwa mashindano hawalipi. Halafu haikufunzi kitu, kwenda moja kwa moja kila mtu aweza, dereva huonekana kwenye kona.

Turbo usitie, Subaru usinunue. Vitz yakutosha kabisa. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kigari cha injini ya 660cc, akamaliza nambari 12 wakati magari makubwa mengi yalibaki njiani. Na Joginder Singh alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa, 1965 alishinda Safari na Volvo PV544 ya mtumba aliyoitengeneza upya, na navigeta wake, yaani anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, alikuwa nduguye Jaswant. Kwa hivyo nenda ukae na fundi wako jumamosi mbili tatu, ujue kubadilisha breki padi na kufungua gurudumu mwenyewe.

Mahali pa kuanzia ni autokrosi. Ni uwanja wa vumbi uliofungwa, gari zapita kwa zamu na washindana na saa, ukikosea wazunguka tu kwa vumbi waanza tena. Leseni ya mashindano na kanuni za klasi zasimamiwa na Kenya Motor Sports Federation, na klabu zilizo chini yake ndizo zaandaa. Mashindano mengi yako bara, kwa hivyo weka nauli pia. Lakini kabla ya kulipa chochote, panda treni uende mara mbili uombe kuwa mashali wa kujitolea, yaani msaidizi wa kusimamia mashindano, usimame penye ukaguzi wa gari uone ni gani zarudishwa na kwa nini. Utajifunza mengi kuliko video mia.

Pesa yako sasa, na hapa nisikize vizuri. Itie kwa mwili wako kwanza. Helmeti ya boda haifai, bitana yake haikutengenezwa kuzuia moto. Mkanda wa mashindano una tarehe ya mwisho kwenye lebo, ukipata wa mtumba wa bei nafuu soma tarehe kabla hujatoa pesa. Na keji, ile fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari ya kukulinda ukipinduka, mwanangu, keji! Mimi zamani nilichomeleshwa keji na fundi mmoja akatumia bomba la maji, mimi nami sikuuliza, tukapinduka kwa kasi ndogo tu na bomba likapasuka penye mshono kama muwa. Mungu alituhifadhi. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zataka chuma kisicho na mshono, bomba la upinde mkuu liwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5 ama 50 kwa 2.0, na kila mguu ukae juu ya bamba la unene wa milimita 3. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa mwingine, kutu. Chumvi yala sakafu ya gari chini ya kapeti huoni, sasa keji nzuri ikichomelewa juu ya bati lililooza, gari ikianguka miguu yatoboka hadi chini. Toa kapeti yote, gonga na nyundo, panapolia vibaya kata utie bati jipya. Na ukishatia keji usiendeshe mjini bila helmeti, kichwa kitagonga chuma.

Kuendesha kwenyewe, kumbuka moja: kasi ikiwa mara mbili, breki yataka umbali mara nne. Maliza breki kabla ya kona. Vitz yavuta kwa mbele, ukikanyaga mafuta mapema itakataa kukata.

SWALI: Ami shikamoo, mimi msichana wa Likoni, sina gari wala pesa ya gari, lakini nataka kuwa navigeta. Yawezekana? Na nikisoma kwa matatu nasikia kutapika.

JIBU: Marahaba binti yangu. Yawezekana sana, na ndio mlango wa bei nafuu kuliko yote, manake madereva wengi watafuta navigeta mtulivu. Kazi yako ni kusoma noti za kona sekunde chache kabla haijafika, na kushika saa. Kwa kanuni za FIA, ukifika kwenye kituo cha muda, pale saa yako ya kufika yaandikwa, umechelewa dakika moja ni sekunde 10 za adhabu, ukiwahi dakika moja ni sekunde 60 nzima, kwa hivyo dereva ana haraka yake na wewe ndiye wa kumwambia tungoje hapa. Kutapika huzoeleka. Kula kidogo, tafuna tangawizi, na usikodolee daftari, tupa jicho kwenye mstari mmoja kisha urudishe barabarani. Anza na matatu ya Mtwapa, chukua daftari uandike kila kona kutoka Nyali hadi mwisho, kali ni 1 na ya wazi ni 6, kesho urudi usome sauti ya chini uone kama zaingiana na barabara.