Shangazi Anajibu: Wiki Moja ya Likizo, Watoto Watano

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11, na likizo hii ya Juni tumeletewa pia watoto wawili wa shemeji yangu kutoka Iringa, wa miaka 8 na 12, ambao hawajawahi kuiona bahari. Kazini nimepewa mapumziko ya wiki moja tu. Nimepanga Jumatatu twende Makumbusho ya Taifa, Jumanne Kijiji cha Makumbusho, Jumatano kisiwa cha Bongoyo, Alhamisi Morogoro kwa treni ya umeme na kurudi, Ijumaa Kigamboni, Jumamosi Bagamoyo, na Jumapili Coco Beach baada ya ibada. Mume wangu, ambaye hana nafasi isipokuwa mwisho wa wiki, anasema hiyo ni ratiba ya watalii na si ya watoto. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anataka wajukuu wake wapumzike nyumbani. Nipunguze nini, Shangazi?
Mama wa watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mume wako amesema kweli, ingawa kweli hiyo ni nyepesi mdomoni mwa mtu ambaye hataamka alfajiri kufunga chakula cha watu sita. Nimeisoma ratiba yako mara mbili nikitafuta mahali ulipojiandika wewe mwenyewe, sikupaona. Kila safari uliyoitaja ina safari nyingine ndogo jikoni usiku wa kuamkia, na nyingine tena kwenye karai la kufulia nguo zenye mchanga baada ya kurudi. Ukienda saba kwa siku saba, ifikapo Alhamisi mtoto wa miaka 3 atakuwa analia kwa usingizi tangu saa sita mchana, wakubwa watakuwa wanagombana, nawe utakuwa unawakemea watoto wa watu mbele za watu. Ninakushauri uchague safari tatu kubwa na moja ndogo, na kati ya kila mbili kubwa uweke siku ya nyumbani ambayo hutaiombea radhi kwa mtu yeyote.

Anza na bahari, kwa sababu ndiyo waliyoifuata wageni wako na hawatasikia habari ya kitu kingine mpaka waione. Lakini usianze na Bongoyo. Mwezi Juni upepo wa kusi huwa umekwisha kushika, na mashua inayotoka Msasani kwenda kisiwani huweza kurushwarushwa vya kutosha kumtapisha hata mtu mzima. Kumpandisha mtoto wa miaka 3 pamoja na wawili ambao hawajui maji ya chumvi yana ladha gani, ukiwa mtu mzima peke yako, ni jambo ambalo mimi nisingelifanya. Kisiwa hakihami, kisubiri msimu wa kaskazi, baba yao akiwapo, na kabla ya kupanda ulizeni kama chombo kina majaketi ya kujiokolea ya saizi ya watoto.

Badala yake nendeni ufukweni Kigamboni, na mlifanye pantoni kuwa sehemu ya matembezi. Kwa mtoto wa Iringa, kusimama kwenye chombo kilichobeba magari, baiskeli na matenga ya ndizi huku meli kubwa ikiingia bandarini kunatosha kuwa hadithi ya mwaka mzima. Tokeni nyumbani baada ya saa tatu, wafanyakazi wakishapita, na kabla ya kuvuka mnaweza kupitia soko la samaki pale Feri waone pweza na papa wadogo, kama pua zao zitavumilia.

Kabla ya kutaja siku, tazama mwezi. Watu wengi wa mjini hupanga kwenda ufukweni kwa kuangalia kalenda ya ukutani tu, wakafika na kukuta bahari imejiondokea, imebaki mwani na vidimbwi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, na katika pwani yetu siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri. Yapata wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizohizo za asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa, ingawa hayapandi sana. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakiwa yametoka asubuhi, watoto waokote makombe na kutazama kaa kwenye vidimbwi, wale, mdogo alale kivulini, kisha waingie majini yanaporudi. Wavae viatu kwa ajili ya urumba, yaani wale viumbe wenye miiba myeusi, na wakubwa wajue tangu mwanzo kwamba hakuna anayepita kiuno chake.

Kati ya makumbusho mawili, la wote ni Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo, kwa sababu ni uwanja wa wazi ambamo mtoto wa miaka 3 anaweza kukimbia bila mlinzi kumkazia macho. Humo mna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyokuwa vijijini: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyinginezo. Waulize wageni wako kama wamewahi kuona tembe, maana Wahehe wa huko Iringa nao walizijenga. Kukodi Noah kwa siku hiyo kutakugharimu zaidi ya daladala, lakini watoto watano na mikoba katika daladala mbili ni adhabu usiyostahili.

Makumbusho ya Taifa, pale Barabara ya Shaaban Robert, wapeleke wale wawili wakubwa peke yao, wa miaka 11 na 12, kwa nusu siku tu. Hii ndiyo ile safari ndogo. Mtoto mkubwa katika nyumba yenye wadogo hutumwa maji, hubebeshwa mkoba, huambiwa amwachie mwenzake. Si vibaya mara moja katika likizo atembee kwa mwendo wake. Huko watasoma habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75, na watakuuliza maswali ambayo usingepata nafasi ya kuyajibu ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Hao wadogo watatu, mwombe mama mkwe wako akae nao. Amesema anataka wajukuu wapumzike nyumbani. Mwendee kwa heshima, umwambie umelikubali shauri lake na kwamba siku hiyo nyumba ni yake. Nadhani utaona uso wake ukibadilika.

Treni iwe Jumamosi, siku ambayo mume wako yupo, ili watu wazima wawe wawili. Tangu huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ianze tarehe 14 Juni 2024, familia nyingi zimekuwa zikienda na kurudi siku hiyohiyo, kwa kuwa njiani ni chini ya saa mbili. Nunueni tiketi mapema, maana mwisho wa wiki viti hujaa, na mkumbuke vitambulisho. Mkifika Morogoro msitafute mambo mengi. Treni ndiyo matembezi yenyewe. Mle chakula cha mchana, mwitazame Milima ya Uluguru, mrudi. Bagamoyo iondoe kabisa. Magofu ya Kaole, ambayo ni ya tangu karne ya 13, hayastahili kutazamwa na watu waliokwisha kuchoka. Jumapili, kama miguu bado ina nguvu, nendeni Coco Beach saa kumi na moja jioni kwa mihogo ya kukaanga na kachumbari, na giza likiingia mnamo saa kumi na mbili na nusu muwe njiani kurudi.

Kuhusu chakula, pilau ya alfajiri haina ulazima. Chapati za jana, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji mengi vinatosha, na mayai hayo anaweza kuyachemsha baba yao usiku.

SWALI: Bi Shangazi, assalaam aleikum. Mimi ni baba wa wavulana wawili wa miaka 8 na 11. Likizo hii ya Agosti wananiomba kila siku niwapeleke pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, na wanataka wakodi tyubu za kuelea kama wenzao. Hawajui kuogelea. Mama yao anakataa, mimi naona mtoto wa Mombasa hana budi kuyazoea maji. Isitoshe, pesa si nyingi. Unatuamuaje?
Baba wawili, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mama ameshinda katika suala la tyubu, nawe umeshinda katika suala la kuzoea maji. Tyubu humpeleka mtoto asiyejua kuogelea mahali ambapo miguu yake haifiki chini, na hapo usalama wake wote unakuwa katika kitu kinachoweza kumponyoka wimbi moja likimpiga. Maji yanapotoka huielekeza nje, tena Agosti kusi ingali inavuma.

Waingize majini wewe mwenyewe, nawe ukiwa ndani pamoja nao, umbali ambao mkono wako unaweza kuwafikia wote wawili, na maji yasipite kiuno cha yule mdogo. Kwanza wafundishe kulala chali na kuelea, kwa sababu anayeweza kuelea chali hupata nafasi ya kupumua na kusaidiwa. Simu iache kwa mama yao. Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa kuwa wengi wanadhani mtoto anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hazipigi, kwa sababu mdomo uko chini ya maji, na mtu aliyekaa mchangani hatasikia kitu. Nendeni siku ya kazi badala ya Jumapili, maana katika umati wa Jumapili hata mtoto aliyevaa nyekundu hupotea machoni.

Kuhusu pesa, Mombasa ina neema. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu, na jioni katika bustani ya Mama Ngina, kwa viazi vya karai na mabuyu, haitawamaliza. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ina kiingilio, nayo inataka asubuhi kabla jua halijakolea juu ya kuta. Mkiweza kulipia sehemu moja zaidi, chagueni Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya saruji, jangwa la mawe matupu, mpaka ilipoanza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu wenye viboko, twiga na kobe wakubwa. Wasimulieni wavulana njiani habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo na kushikamana na kobe mzee aliyeitwa Mzee.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tulihamia London kutoka Unguja mwaka jana, na hiki ni kiangazi chetu cha kwanza hapa watoto wakiwa shuleni. Shule zimefungwa kwa majuma sita, jua linatua saa tatu usiku, na watoto wangu wa miaka 5 na 9 hawalali mpaka saa tano. Mimi hufanya kazi ya zamu hospitalini. Wanataka kutoka kila siku, na ninaona kila mahali pana gharama.
Mama wa Unguja, London

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na usingizi. Mwanga wa jioni huuchelewesha mwili kujua kwamba usiku umeingia, kwa hiyo wekeni mapazia mazito meusi chumbani mwao na myafunge saa moja kabla ya saa ya kulala, hata kama nje watoto wa jirani bado wanacheza. Huyo wa miaka 5, ambaye sala haijamlazimu, asingojezwe Magharibi ya saa tatu, seuze Isha. Asubuhi waamshwe saa ileile kila siku, hata wakiwa wamechelewa kulala, la sivyo usiku utakaofuata utaanza upya ugomvi uleule.

Gharama si kubwa kama unavyodhani. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya basi mjini humo, na kwenye treni za chini ya ardhi hawalipi pia wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi wanne kwa mtu mmoja. Makumbusho ya Historia ya Asili na jirani yake la Sayansi, yote pale South Kensington, hayana kiingilio. Wekeni nafasi mapema kwa intaneti. Katika ukumbi mkuu wa lile la kwanza kinaning'inia, tangu 2017, kiunzi kizima cha mifupa ya nyangumi wa buluu chenye urefu wa mita 25. Nendeni saa nane au saa tisa alasiri, wenye watoto wadogo wanapoanza kuondoka, kwa kuwa milango hufungwa karibu na saa kumi na mbili jioni. Maktaba ya mtaani kwenu nayo huandaa shughuli za kusoma kwa watoto kila kiangazi bila malipo.

Siku unayotoka zamu ya usiku usiahidi safari yoyote. Lala kwanza, mwenzako au jirani unayemwamini akiwa nao, kisha jioni ufunge chakula mkale kwenye bustani iliyo karibu. Saa moja usiku huko bado ni mchana mweupe, joto limepungua, na hakuna anayewataka mlipe kitu.